Kumpisha Baba Mkwe

14 Novemba 1915, Mwaya

Asajile, uliniachia karatasi hizi ukasema niandike kila nipatapo nafasi, nisije nikakisahau Kiswahili ulichojitesa kunifundisha. Haya, naandika. Mwandiko mbaya utanivumilia ukirudi.

Jana walipokuchukua nilikuwa nimeshika ufagio, na walipokwisha kupotea nawe njiani bado nilikuwa nimeushika. Askari wa Mdachi walisema wanataka watu wa kubeba mizigo tu, si wa kupigana, kana kwamba mzigo hauui. Ulipata nafasi ya neno moja: "Neli, baba asiachwe." Nilikuwa naitazama kamba waliyokufunga kiunoni.

Najua ulichokuwa unafikiri. Kule Songwe watu wa mpakani walipohamishwa, yule bibi wa miguu mibovu aliachwa ndani ya nyumba na mtungi wa maji, wakisema watamrudia. Waliporudi hakukuwa na nyumba. Tangu siku hiyo, kila mwenye mzee asiyetembea hapa Mwaya anamtazama kwa jicho lile ambalo sitaki kulieleza.

15 Novemba

Mvua. Sikupika.

21 Novemba

Mvua. Tumepanda mpunga wanawake watupu, na hakuna aliyeanzisha wimbo.

30 Novemba

Mto umepanda ukaingia kijiji chetu chote cha vijana. Nyumba uliyonijengea imekaa majini mpaka kwenye kitanda. Nilikuwa juu ya kitanda na kuku wawili, nalia, mama yako Marta akatokea amepandisha nguo mapajani, anakata maji.

"Chukua mkeka wako, twende nyumbani."

"Mama, kwenu yupo Mzee."

"Najua yupo, mimi si ndiye ninayempikia? Unataka ufe maji kwa ajili ya heshima?"

Nikaenda, nimejifunika kaniki mpaka puani. Wewe unajua mila ya kwenu, lakini naiandika kwa sababu mimi mpaka leo inanitia hofu. Tangu unioe sijauona uso wa baba yako, wala yeye hajauona wangu. Jina lake silitamki, na hapa pia sitaliandika. Nikisikia anakuja njiani naingia migombani na kugeuka kisogo mpaka apite. Kwetu Lyulilo, sisi Wakisi, tunawaheshimu wakwe, lakini si hivi. Ndiyo maana mila ikaweka vijiji mbalimbali, vijana kwao, wazee kwao. Na sasa mto umetubwaga ua mmoja. Yeye yuko nyumba kubwa, mimi kwenye kibanda cha mpunga, katikati ukuta wa matete.

Simwoni, lakini namsikia. Magoti yake yanalia, Asajile! Akiinuka ni kama mtu anavunja vijiti vikavu, kimoja kimoja. Kisha unafuata mguno, kisha sauti ya Mama, "Polepole, baba, polepole," na mara nyingi nasikia amekaa tena. Wewe uliniambia magoti yanamsumbua kidogo. Huyu hafiki mtoni, sembuse mlimani. Nimeogopa sana leo.

4 Desemba

Mama ametoa sheria. "Mvua imetubana wote hapa. Ukitaka kufanya kazi uani, kohoa kwanza. Mzee atapisha, ataenda nyuma ya nyumba."

"Si mimi ndiye wa kupisha, Mama?"

"Ukipisha wewe, atatwanga nani?"

Basi nikakohoa. Nilisimama mlangoni na ungo wa mchele mpaka mkono ukaingia ganzi. Vijiti vikavunjika. Fimbo ikagonga. Pumzi nzito, kimya, fimbo tena. Hatimaye Mama akaita, "Tayari!" Nilipepeta huku machozi yananitoka. Nimekuwa mtu wa kumwinua mzee wa watu kwenye kigoda chake.

12 Desemba

Amekuja shangazi Andongwisye, dada yake Mzee, na mkungu wa ndizi kichwani. Kwa bahati mbaya alifika wakati nimekohoa. Sauti yake ilivuka ukuta kama hakuna ukuta.

"Marta, huyu Mkisi wako anamfukuza kaka yangu kama kuku? Mgonjwa hukaa! Mgonjwa huinuliwa na nani?"

Mama akasema mvua, akasema nafasi hakuna.

"Niambie basi, haya magoti yalianza lini? Si tangu huyu aolewe?"

Nikaketi chini. Wewe unajua neno la uchawi linakwenda wapi likishatoka mdomoni. Nimekaa kibandani mpaka giza, nasikiliza kama kuna miguu ya watu wengi inakuja.

Hawakuja.

26 Desemba

Jana Krismasi. Baada ya kanisani walichinja ndama dume. Mama anampenda mumewe kwa sahani, na dawa yote ya nyumba hii ni apumzike na ale. Maziwa ya mgando asubuhi, ndizi za kuchoma mchana, wali na mnofu wa mafuta jioni, na katikati chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, na mrija wake. Jana vilikuja vyote kwa pamoja, na shangazi akaongeza vya kwake.

Leo hakuinuka kabisa. Shemeji Nsajigwa, mdogo wako, alitoka kwenye matete anakojificha asionwe na wale wa kukamata wapagazi, akawaita majirani wawili, wakambeba mpaka chooni. Njiani walimtua wakapumua. Nimesikia kila kitu nimejibana nyuma ya mlango.

Halafu Nsajigwa akamwambia Mama pale pale karibu na ukuta wangu: "Mama, nasema mapema usije ukanilaumu. Siku ya kukimbia mimi simbebi. Si kwamba sitaki. Wanaume watatu tumeshindwa kumfikisha chooni."

"Nendeni ninyi," Mama akasema. "Mimi nitabaki naye."

Amesema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya kesho. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

9 Januari 1916

Askari wamechukua ng'ombe. Wote, na mpunga wa ghalani, isipokuwa magunia tuliyofukia. Mama alisimama mlangoni mwa zizi akiita majina yao kimya kimya.

10 Januari

Usipa na majani ya kunde.

11 Januari

Usipa na majani ya kunde.

19 Januari

Dagaa wale wale wa usipa, majani ya maboga, maharage kidogo. Kimpumu hakuna, ulezi umekwisha. Mama anasema Mzee analalamika kwamba analishwa kama mbuzi. Nilicheka, mara ya kwanza tangu uondoke, kisha nikaogopa kwamba shangazi amenisikia nikicheka.

30 Januari

Nimefikiri sana nikaamua kuwa na adabu kamili. Nitafanya kazi za uani kabla Mzee hajatoka na baada ya kuingia. Mchana kutwa nitakaa kibandani nisuke mikeka, na nikitaka kwenda haja nitatokea upenyo wa nyuma. Sitakohoa tena. Akae kwa amani, maskini.

Shangazi amepita akasema hatimaye nimefundishika. Alileta hata ndizi, akaziweka mlangoni kwangu.

14 Februari

Asajile, nimesikia baba yako akilia.

Ilikuwa asubuhi, mvua imetulia. Mama alitaka kumtoa nje aote jua. Goti la kulia likakataa kunyooka. Mama akavuta, shangazi akavuta, vijiti vikalia, na Mzee akatoa sauti ambayo sikuijua ni ya mtu. Wakamwacha. Halafu akalia polepole, kama mtu anayejificha asisikike. Mimi nimekaa upande wa pili nimeziba mdomo kwa kaniki.

Nilipotulia nikajiuliza. Maziwa hali, mafuta hali, kimpumu hanywi, na Mama mwenyewe anasema mkanda wake wa ngozi sasa unamzunguka na kubaki. Mtu aliyepungua uzito magoti yangepata nafuu. Kwa nini yamezidi? Kipi kimebadilika hapa nyumbani tangu mwezi uliopita?

Mimi. Nimekuwa na adabu.

Ndipo nikamkumbuka mama yangu. Mwaka ule wa homa, Lyulilo, alilala mkekani muda mrefu. Aliposimama magoti yamekuwa miti. Wanawake wenzake wa vyungu wakamwambia, "Kaa, mama Neli, umri huo, sisi tutakukanyagia udongo." Akawatukana. Akanishika bega akaingia kwenye shimo la udongo, akakanyaga kidogo akasimama, akakanyaga kidogo akasimama. Jioni alikuwa anauma meno. Lakini alirudi kesho yake, na kesho yake, na tulipopeleka vyungu sokoni alibeba vyake mwenyewe kichwani. "Mkiniacha nikae," alikuwa akisema, "mtanizika nimekaa."

Kwa hiyo ni heshima yangu iliyomfunga Mzee goti. Mila inasema nijifiche asinione, nami nikajificha vizuri mno, hata akakosa sababu ya kuinuka. Ee Mungu wangu, nisaidie. Nikianza tena kukohoa nikawa nimekosea, nitamuua, na shangazi atapata ushahidi anaoutafuta. Nikinyamaza, vita vikija ataachwa na mtungi wa maji.

16 Februari

Nimekohoa.

Ilichukua muda mrefu sana. Sikulia. Nilishika mlango kwa mikono miwili.

17 Februari

Nimekohoa. Nimefagia.

24 Februari

Jamani, nimekuwa mwanamke asiye na haya. Mzee amehamisha kigoda nyuma ya nyumba ili asisumbuke. Kumbe nami nina maharage ya kuanika nyuma ya nyumba. Akahamia kwenye zizi tupu. Nami nimekumbuka kwamba kibanda changu kinahitaji kusiribwa, na samadi iko zizini. Kila anapokaa, mimi nina kazi hapo hapo. Ninakohoa, ninasubiri, ninasikia fimbo inaondoka, ndipo naingia nimeinamisha kichwa. Kigoda chake nakikuta bado kina joto.

Mama ananitazama kwa namna mpya. Hajasema kitu.

3 Machi

Nimekosea, nimekosea! Jana nilimwinua kutwa nzima, kwa sababu Nsajigwa alileta habari kwamba Waingereza wanakusanya watu ng'ambo ya Songwe, nami nikaingiwa na pupa. Leo goti limevimba. Mama ameonyesha kwa viganja viwili lilivyojaa. Shangazi hajaja, namshukuru Mungu.

Nimejifungia. 

6 Machi

Mama anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Uvimbe unashuka. Nimeanza tena, kidogo. Mama yangu hakukanyaga udongo siku moja mpaka ukaisha, alikanyaga akapumzika. Mimi ndiye niliyesahau hiyo nusu.

11 Machi

Tulikuwa tunachambua maharage, Mama akasema bila kuinua uso: "Nilidhani umepatwa na wazimu wa kufagia."

Nikamwambia yote. Ya udongo, ya bibi wa Songwe, ya kamba kiunoni mwako. Nilisema huku nimeinama kwa sababu nilijua pengine atanifukuza leo hii.

Alichambua muda mrefu. "Jana ameinuka bila mkono wangu," akasema. "Nilikuwa nimeunyoosha. Akaupita."

Nikapata ujasiri nikamwomba na jingine. Mjomba wako wa Ngonga ameleta kibuyu cha kimpumu na mafuta ya ng'ombe, na Mama anavitunzia Mzee.

"Mama, usimpe vyote. Kila kinachoongeza mwili, magoti ndiyo yanayokibeba."

"Unataka nimlishe mume wangu majani mpaka lini?"

"Mpaka avuke mto."

Akacheka, kisha kilio kikamkamata katikati ya kicheko, maharage yakamwagika. Tuliyaokota pamoja. Kimpumu tulikinywa sisi wawili, ndaga, yaani asante, mjomba.

26 Machi

Nimefika mwisho wangu, nilidhani. Shangazi Andongwisye ameita wazee wa ukoo. Wamekaa uani, mimi nyuma ya ukuta wa matete, nimepiga magoti.

Shangazi akasema kwa utaratibu, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Kwamba mkwe wao hampi baba wa watu nafasi ya kuketi. Kwamba Mzee akiketi tu mkwe anakohoa, akihama anamfuata. Kwamba goti lilivimba mwezi huu, majirani ni mashahidi. Kwamba huko kwao ufukweni wanajua mambo ya udongo na mizizi. "Arudishwe Lyulilo. Na akirudishwa watu waulize sababu."

Wazee wakaguna. Mama akaanza kusema, akakatizwa. Nikafikiri, nikirudishwa na neno lile juu yangu, hata mama yangu hatauza chungu tena. Na baba yako atakaa chini siku hiyo hiyo, asiinuke.

Halafu nikasikia vijiti. Vichache, vya haraka. Fimbo ikagonga mara moja. Mzee amesimama mbele yao wote, peke yake.

"Uani ni mahali pa kazi," akasema. "Asiye na kazi apishe."

Ni hayo tu. Akaondoka kwa miguu yake kwenda nyuma ya nyumba, na mimi sikuwa hata nimekohoa. Sijui amesema kwa sababu anajua au kwa sababu ni mtu wa mila. Wazee wakaaga. Shangazi alibaki ameketi, nikamsikia akimwuliza Mama polepole, "Alianza lini kusimama hivyo?"

9 Aprili

Mvua kutwa. Kakohoa yeye, kwa mafua. Nimeruka kama mwizi.

17 Aprili

Mpunga umeshiba maji. Mzee amekwenda mpaka kingo za mto na kurudi, Mama nyuma yake. Nilikuwa naanika nguo kila mahali alipotaka kuketi.

2 Mei

Mizinga. Kwanza nilidhani ni radi, nikaingiza mkeka ndani. Mbingu ilikuwa safi. Upande wa Songwe, mara moja, mara ya pili, kisha ndege wote wa majini wakaruka pamoja. 

3 Mei

Kimya. Kimya hiki ni kibaya zaidi.

20 Mei

Mpunga unaiva na hakuna anayethubutu kuvuna. Nyumba ya jirani ni tupu tangu asubuhi, moto bado unawaka jikoni. Nimeuzima.

25 Mei

Usiku kucha mizinga, sasa karibu. Askari wa Mdachi wamepita wakirudi nyuma kuelekea Tukuyu, wengine hawana viatu, na hawakuchukua kitu kwetu ila maji. Nsajigwa amesema tukimbilie kwetu Lyulilo, tupande mlima nyuma ya kijiji, kwenye mihogo ya mjomba wangu. Kwa mtumbwi haiwezekani, ziwani kuna meli zenye mizinga. Ni miguu tu.

Mama amefunga mizigo miwili na kujifunga nguo. Hakusema habari ya kubaki. Mimi natangulia na chungu na mkeka, Mzee na Mama wanafuata, nikisikia fimbo yake imekaribia naongeza mwendo. Huo ndio mpango.

26 Mei

Tumevuka mito ya Mbaka na Lufilyo kwa mitumbwi ya watu, mimi wa kwanza, yeye wa pili. Mchanga, matete, mchanga. Kutwa nimesikiliza kitu kimoja tu, ile fimbo. Ikinyamaza nami nasimama na kutazama mbele. Ikigonga naendelea. Nsajigwa ametangulia mbio na mbuzi tuliobaki nao. Tumelala kwa Wakristo karibu na Matema, Mama anasema magoti yamejaa kidogo lakini anayakunja. Alimpa usipa na maharage. Alikula bila lile neno la kulishwa kama mbuzi.

28 Mei, juu ya Lyulilo

Nikae niandike ya jana.

Tulipita Lyulilo asubuhi. Hakuna soko, hakuna mtu, vyungu vya kuuza vimepangwa ufukweni vyenyewe. Watu wote wako mlimani. Tukaanza kupanda. Njia ile mimi nimeipanda tangu mtoto na kuni, sikuwahi kujua ni kali namna ile. Nilikuwa mbele, kona moja mbele yao daima. Fimbo iligonga, ikapumzika, ikagonga. Halafu chini, upande wa Mwaya, nikaona moshi, na mizinga ikaanza, na mlima ukairudisha sauti hata usijue inatoka wapi.

Fimbo ikanyamaza.

Nilisubiri. Nilisubiri mpaka nikasikia miguu, ikawa ni Mama peke yake, mikono mitupu.

"Amekaa," akasema. "Amekaa kwenye jiwe. Amesema, 'Marta, nendeni. Mimi nimefika.'"

Juu yetu Nsajigwa alikuwa amesimama na mbuzi. Alisikia. Akageuza uso.

Asajile, hapo nilikuona wewe na ile kamba. Nilitua chungu. Nilijifunika kaniki mpaka machoni, nikaacha njia, nikashuka kwenye majani, nikijikwaa, nikijichoma miiba, nikizunguka mbali nisimwone wala asinione.  Nikatokea njiani chini yake, chini kidogo tu ya kona aliyokaa. Sasa Mzee yuko juu yangu, na njia ni moja, na mimi natoka bondeni. Nikainamisha kichwa nikatazama vidole vyangu.

Nikakohoa.

Hakuna kitu. Mzinga. Pumzi yake naisikia, nzito, imekatikakatika. Nikaingoja itulie, maana hilo nimejifunza. Ilipotulia nikakohoa tena, kwa nguvu.

Hakuna.

Basi nikavunja tawi, nikaanza kufagia. Nilifagia njia ya mlima ambayo haijapata kufagiwa tangu Mungu aiumbe! Mawe yakaporomoka, vumbi likapanda, nafagia na kulia kwa sauti, sijali tena nani ananisikia. Sikusema neno kwake, mila sikuivunja. Nilifagia tu, nikipanda kidogo kidogo kumwelekea, kama mkwe mwenye kazi.

Nikasikia vijiti vinavunjika.

Kimoja, kingine, mguno mrefu, na fimbo ikagonga jiwe. Mbele, si nyuma. Mama juu akapiga kelele, "Polepole, baba, polepole!" na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia.

Tulipanda hivyo. Alipokaa, nilimwacha apumue, nikamsubiri kwenye kona nimegeuka kisogo. Kisha nilikohoa na kufagia, naye akapisha. Alipisha mpaka mihogoni. Nsajigwa alishuka akachukua chungu changu bila kuniangalia usoni.

Jioni tulikaa mbalimbali, wao upande wa jiwe kubwa, sisi wengine chini ya mihogo, moshi wa Mwaya bado unaonekana. Bado naogopa. Sijui nyumba ipo, sijui mpunga upo, sijui wewe uko wapi na una mzigo gani kichwani. Mama akaja amebeba kibuyu cha maji, akainama sikioni kwangu.

"Mzee ametuma neno."

 Katika miaka yote hajanitumia neno.

"Anauliza, kesho utafagia wapi?"

Asajile, baba hajaachwa.

29 Mei

Mizinga imenyamaza. Nimekata ufagio mpya. Nimeanzia pale alipokaa.